Mirija Yenye Mwandiko Wangu

Nilianza kazi ya utafiti mwaka 2006, nikiwa na stashahada ya maabara na umri wa miaka 24, katika mradi wa malaria uliofanyika kwenye vijiji vya wakulima wa mpunga katika bonde la Rufiji. Kazi yangu ilikuwa kuwachoma watoto vidole, kupaka tone la damu kwenye kioo cha hadubini, kudondosha matone mengine kwenye karatasi ya chujio na, kwa watoto waliopatikana kwa kura, kuchukua damu ya mshipa na kuigawa katika mirija midogo ya plastiki. Kila mrija niliuandika kwa wino usiofutika: herufi mbili za kijiji, namba ya kaya, namba ya mtoto na tarehe. Tarakimu 7 huiandika na kistari katikati, kama nilivyofundishwa shule ya msingi, na wenzangu katika timu walizoea kuitambua mirija yangu kwa kistari hicho.

Mwaka huo nchi ilikuwa katika mgao mkali wa umeme, kwa kuwa maji ya mabwawa yalikuwa yamepungua, na sampuli zetu zilitakiwa kukaa katika jokofu lenye baridi ya nyuzi 80 chini ya sifuri. Tulipokezana kulala ofisini Dar es Salaam ili umeme ukikatika usiku awepo mtu wa kuwasha jenereta, kwani jokofu la namna hiyo likikaa saa nyingi bila umeme, kazi ya miezi huharibika na watoto huwa wamechomwa bure. Nayaeleza haya kwa sababu baadaye nilikutana na watu wengi walioamini kwamba sehemu ngumu ya sayansi hufanyika kwao, mbele ya mashine na kompyuta, na kwamba huku kwetu ni kuokota tu. Kuokota hakukuwa rahisi. Ilitubidi kujua ni njia ipi inapitika wakati wa masika, ni mzee gani aombwe ruhusa kabla ya wengine, ni saa ngapi akina mama huwa wamerudi kutoka mtoni, na kwa nini damu ya mtoto isichukuliwe mbele ya bibi yake kabla bibi huyo hajaelezwa inakokwenda.

Inakokwenda kulikuwa ni Ulaya. Mara mbili kwa mwaka masanduku yenye barafu kavu yalifika, tukaihesabu mirija mmoja mmoja, tukasaini, na sampuli zikaondoka. Fomu ya ridhaa, ambayo niliwasomea wazazi kwa sauti mamia ya mara, ilikuwa na sentensi inayosema kwamba sampuli zinaweza kupelekwa nje ya nchi kwa vipimo visivyoweza kufanyika hapa. Sentensi hiyo ilikuwa ya kweli, maana vipimo vya kingamwili, yaani protini ambazo mwili hutengeneza ili kupambana na ugonjwa, na vya vinasaba vya vimelea hatukuwa na uwezo wa kuvifanya katika maabara yetu wakati huo. Kibali cha maadili kilikuwepo, mkataba wa kuhamisha sampuli ulisainiwa, na hakuna kilichofichwa. Ndiyo maana nilichelewa sana kuona kwamba palikuwa na jambo la kuuliza.

Aliyeniamsha ni mama mmoja wa kijijini. Mradi ulipofungwa mwaka 2008 tulirudi kuaga, tukakutana na wananchi chini ya mwembe ulio karibu na ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alitukaribisha, tukatoa shukrani, tukaeleza kwa ufupi kwamba matokeo yatachapishwa. Mama huyo alisimama akiwa na mtoto mgongoni, akasema: “Mwanangu, sisi damu hatuikatai. Ila nina swali. Huyu mwanangu tukiwa nyumbani, analala ndani ya chandarua, haugui. Tukihamia dunguni kulinda mpunga, kila mwaka anarudi na homa. Nyinyi mmekaa nasi miaka miwili. Hilo mmeliona?”

Kwa asiyeijua Rufiji, dungu ni kibanda cha miti kilichoinuliwa juu ya nguzo katikati ya shamba, ambamo familia hukaa kwa wiki na miezi kuwafukuza ndege, nguruwe na viboko mpaka mpunga uvunwe. Chakula cha jioni hupikwa nje giza likiingia, watu hukaa kuzungumza hadi usiku, na chandarua mara nyingi hubaki nyumbani kwa sababu dungu halina mahali pazuri pa kukifunga.

Hatukuwa tumeliona. Tena ukweli ulikuwa mbaya kuliko kutoliona. Dodoso letu liliuliza kama mtoto alilala ndani ya chandarua usiku uliopita, na lilikuwa na nafasi ya kujibu ndiyo au hapana, lakini halikuwa na swali lolote kuhusu mahali alipolala. Kila msimu wa kulinda mpunga ulipofika, timu ilikuta nyumba nyingi zimefungwa, na sisi tukajaza namba maalumu ya “kaya haikupatikana”. Baadaye, wakati wa uchambuzi, kaya zenye namba hiyo ziliondolewa, kama inavyofanyika kwa takwimu zisizokamilika. Kwa maneno mengine, miezi ile ambayo mtoto wa mama yule aliugua ndiyo miezi tuliyoifuta sisi wenyewe, kwa mikono yetu, tukiamini kwamba tunasafisha takwimu.

Mtafiti mkuu, ambaye alikuwa mtu mwema na aliyetuheshimu, alitafsiriwa swali hilo na akaliandika katika daftari lake. Alisema ni swali zuri. Lakini andiko la mradi uliofuata lilikuwa limekwisha kutumwa, na mfadhili alikuwa ameomba maandiko kuhusu kingamwili zinazoweza kusaidia kutengeneza chanjo. Swali la dungu halikuwa na mahali pa kuombewa fedha. Halikukataliwa na mtu yeyote, ila halikuwa na mlango wa kuingilia. Tangu siku hiyo nimeamini kwamba tofauti kubwa kati ya nchi tajiri na nchi maskini katika sayansi iko katika haki ya kuuliza swali la kwanza, kwa sababu atakayeuliza ndiye atakayeamua ni kipi kihesabiwe na ni kipi kifutwe.

Mwaka 2011 nilipata ufadhili wa kusoma shahada ya uzamili katika chuo kikuu kimoja cha Ulaya, kilekile kilichokuwa kinapokea sampuli zetu. Wiki ya pili fundi wa maabara alinizungusha kunionyesha vifaa. Tulifika kwenye chumba cha majokofu, yamepangwa ukutani kama makabati, akavuta droo moja ili kunionyesha jinsi masanduku yanavyopangwa. Niliona herufi mbili za kijiji. Niliona namba za kaya. Niliona tarakimu 7 yenye kistari. Wino ulikuwa haujafifia hata kidogo, kwa sababu pale umeme haukatiki.

Nilimwambia fundi kwamba huo ni mwandiko wangu. Alifurahi kwa dhati, akamwita mwenzake aje aone. Mimi pia nilitabasamu, lakini usiku ule sikulala vizuri. Nilipoamua kwamba tasnifu yangu itatumia baadhi ya sampuli hizo, nilielekezwa kujaza fomu ya maombi inayopitiwa na kamati. Fomu iliuliza jina la mwombaji, taasisi, nadharia ya utafiti na idadi ya mirija inayohitajika. Haikuwa na sehemu ya kueleza kwamba mwombaji ndiye aliyeichukua damu hiyo kwa watoto, na sidhani kama aliyeiandaa aliwahi kuwaza kwamba mtu wa namna hiyo angekuja kuomba. Baada ya wiki sita nilikubaliwa mirija 40. Katika mirija hiyo hapakuwa hata mmoja wa msimu wa dungu, kwa sababu nilizozieleza.

Sitaki kuwasema vibaya watu wa maabara ile, kwa sababu walinifundisha mengi na kwa subira. Ila nilijifunza pale jambo ambalo hakuna kozi iliyolifundisha. Kitendanishi, yaani kemikali ya kufanyia vipimo, tulichoagiza Jumatatu kilifika Jumatano. Dar es Salaam nilikuwa nimezoea kusubiri miezi minne, na wakati mwingine kifurushi kikifika kimekaa uwanja wa ndege kwenye joto siku tano kwa ajili ya karatasi za ushuru, kikawa hakifai tena, na pengine tulikuwa tumekilipia bei kubwa kuliko wao, kwa kuwa wakala wa nchi ya tatu naye alihitaji faida yake. Watu wengi hudhani kwamba hasara ya kusubiri ni muda. Muda ni sehemu ndogo. Mwanafunzi mwenzangu pale Ulaya alijaribu wazo lake Jumatano, likashindikana, akajaribu jingine Ijumaa, likashindikana, na mwisho wa mwezi alikuwa amekosea mara nane na ya tisa ikampa matokeo ambayo hakuna aliyeyatarajia. Anayesubiri kitendanishi miezi minne hathubutu kukosea. Huchagua swali ambalo jibu lake linajulikana nusu, hufuata njia iliyokwisha kupitwa na wengine, na hurudia nchini kwake kile kilichothibitishwa kwingine. Kisha huambiwa kwamba watafiti wa Afrika hawana ubunifu. Nimewahi kuambiwa hivyo mezani, kwa upole, na mtu aliyedhani ananitia moyo.

Mwisho wa wiki moja nilipanda treni kwenda Berlin, nikaenda kwenye makumbusho ya sayansi asilia. Nilijua ninakwenda kuona nini, lakini kujua hakukunisaidia. Mifupa ya Giraffatitan, dinosaria mwenye kimo cha zaidi ya mita 13, imesimamishwa katikati ya ukumbi. Ilitoka kilima cha Tendaguru, mkoa wa Lindi, mwendo wa saa chache tu kusini mwa vijiji nilivyofanyia kazi. Kati ya mwaka 1909 na 1913, chini ya utawala wa Wajerumani, mamia ya vibarua walichimba mifupa ile na wapagazi wakaibeba vichwani na mabegani kwa siku kadhaa hadi bandarini Lindi, ikasafirishwa zaidi ya tani 200. Msimamizi wao aliyejua kuichimbua bila kuivunja alikuwa Boheti bin Amrani. Nilisimama pale muda mrefu, na kilichonikaa moyoni hakikuwa mifupa yenyewe. Niliwatazama watoto wa shule wa Kijerumani waliokuwa wameketi sakafuni wakichora, na nikawaza kwamba kwa zaidi ya miaka 100 mtoto wa mji huo anayetaka kuwa mtaalamu wa viumbe wa kale hupanda tramu tu na kufika, na kijana wa Lindi mwenye hamu hiyohiyo huanza kwa kuomba viza. Sampuli ikiondoka, huondoka pamoja na vizazi vya watu ambao wangejifunza kwayo.

Nikiwa huko nilikumbuka pia habari ya Erasto Mpemba, ambayo sisi tuliisikia shuleni kama kisa cha kufurahisha cha barafu na maziwa. Mwaka 1963, akiwa mwanafunzi wa sekondari ya Magamba, Mpemba aliona mchanganyiko wa moto wa aiskrimu ukiganda kabla ya ule uliopoa. Alipouliza alichekwa. Baadaye, akiwa sekondari ya Mkwawa, alimuuliza Denis Osborne wa chuo kikuu cha Dar es Salaam, ambaye hakuwa na hakika lakini alirudi maabara na kuagiza jambo hilo lipimwe. Makala yao ilitoka mwaka 1969 katika jarida la Uingereza la ufundishaji wa fizikia, na jina la Mpemba lilitangulia la Osborne. Wanasayansi wanabishana kuhusu jambo hilo hadi leo. Nilipoisoma upya nikiwa mtu mzima, sikuona tena kisa cha barafu. Niliona mtu mwenye maabara ambaye alikubali kwamba swali la mtu asiye na maabara linastahili kupimwa, kisha akaliacha swali libaki na mwenyewe.

Nilirudi nyumbani mwaka 2013. Makala kutoka mradi wetu wa Rufiji zilikuwa zimetoka tatu, na jina langu halikuwa katika orodha ya waandishi wa yoyote. Nilikuwa ndani ya shukrani, katika maneno “wafanyakazi wa uwandani”. Nilimwandikia mtafiti mmoja wa mradi kumuuliza, kwa heshima, na alinijibu kwa heshima vilevile kwamba mchango wangu haukufikia vigezo vya uandishi, kwa kuwa sikushiriki kubuni utafiti wala kuchambua takwimu. Nilisoma jibu hilo mara nyingi. Lilikuwa sahihi. Sikushiriki kubuni kwa sababu ulibuniwa kabla hatujaajiriwa, na sikushiriki kuchambua kwa sababu takwimu zilichambuliwa kule ambako sampuli zilikwenda.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya mambo ambayo watafiti wa kwetu wanayafahamu na ambayo sitayaeleza kwa urefu. Mwaka 2018 muhtasari wa utafiti wangu ulikubaliwa katika mkutano mkubwa wa malaria, nikanyimwa viza kwa maelezo kwamba sikuonyesha sababu za kutosha za kurejea nchini, ingawa nilikuwa nimeambatisha barua ya mwajiri, cheti cha ndoa na hati ya nyumba. Mwenzangu wa Ulaya alisimama mbele ya bango langu na kujibu maswali kwa niaba yangu. Miaka minne baadaye, katika mkutano wa kimataifa wa UKIMWI uliofanyika Montreal, wajumbe wengi kutoka Afrika walizuiwa kwa namna hiyohiyo kuhudhuria mkutano unaohusu ugonjwa ulioathiri nchi zao kuliko zote. Upande wa kuchapisha nako kuna ukuta wake. Jarida la Nature lilipofungua njia ya kuchapisha makala zinazosomwa bure, mwaka 2021, ada ilikuwa yuro 9,500 kwa makala moja, fedha ambazo zingewalipa wasaidizi wetu wawili wa uwandani kwa zaidi ya mwaka. Majarida mengi husamehe ada kwa watafiti wa nchi zenye kipato cha chini, na nawashukuru, lakini mtu anayechapisha kwa msamaha huyajua maumivu ya kuandika barua ya kuomba kila mara wakati mwenzake hubonyeza tu.

Kilichonipa nguvu miaka hiyo kilitoka Kongo. Mwaka 1976 daktari Jean-Jacques Muyembe alitumwa Yambuku, ambako watu walikuwa wakifa kwa homa isiyojulikana, akachukua damu ya wagonjwa bila glavu, akasafiri na mtawa mgonjwa hadi Kinshasa, na damu ya mtawa huyo ikapelekwa Antwerp, Ubelgiji. Kirusi cha Ebola kilipogunduliwa, kwa miongo mingi simulizi ya ugunduzi huo ilisimuliwa karibu yote kwa majina ya watu wa Ulaya na Marekani. Muyembe hakuondoka. Alibaki katika taasisi ya taifa lake huko Kinshasa, akaendelea kuuliza kama damu ya waliopona inaweza kuwasaidia wanaougua, wazo ambalo wengi walilipuuza alipolijaribu kwa wagonjwa wachache wakati wa mlipuko wa Ebola huko Kikwit mwaka 1995. Kingamwili iliyopatikana kutoka kwa mtu aliyepona katika mlipuko huo ndiyo iliyozaa moja ya dawa mbili zilizofanya vizuri katika jaribio la mwaka 2018 na 2019, lililofanyika Beni, Butembo, Katwa na Mangina, katika nchi ya watu wanaozungumza Kiswahili kama sisi, na Muyembe akiwa mmoja wa viongozi wake. Dawa hiyo iliidhinishwa Marekani mwezi Desemba 2020. Ilimchukua zaidi ya miaka 40 kutoka kuwa mtu aliyechukua damu hadi kuwa mtu ambaye swali lake limejibiwa, na nakiri kwamba mimi nisingekuwa na subira hiyo.

Sasa nifike kwenye kosa langu, kwa sababu simulizi hii ingekuwa ya uongo bila hilo. Mwaka 2019 hatimaye nilipata fedha kidogo za ndani ya nchi kwa ajili ya swali la dungu. Zilitosha mitego ya taa ya kunasa mbu, mafuta ya pikipiki na posho za watu watatu. Mtu aliyetuwezesha kufanya kazi hiyo alikuwa mhudumu wa afya wa kijiji, aliyeyajua madungu yote, nani anahamia lini, na ni wapi watoto wanabaki kijijini na bibi. Yeye ndiye aliyenieleza kwamba tusiulize “mtoto amelala wapi”, kwa sababu mzazi atataja nyumbani akiogopa kulaumiwa, bali tuulize “mpunga analinda nani mwaka huu”. Swali hilo moja lilibadilisha dodoso zima. Katika madungu tulikuta kile mama yule alichokuwa akikijua tangu mwanzo: mbu walikuwa wakiuma mapema jioni, watu wakiwa nje wanapika, na watoto waliokaa shambani ndio waliokutwa na vimelea zaidi ya wenzao waliobaki nyumbani.

Tulipochapisha makala ya kwanza nilimweka mhudumu huyo katika shukrani. Alinipigia simu baada ya kijana mmoja kumwonyesha makala hiyo kwenye simu. Aliniambia, “Daktari, nimeitafuta nimeona majina manne. Langu nimekosa.” Nami, bila kufikiri, nikamjibu kwamba mchango wake haukufikia vigezo vya uandishi. Nilisikia sentensi hiyo ikitoka kinywani mwangu. Alinyamaza kidogo, akasema sawa, akaulizia hali ya familia yangu, akakata simu.

Dar es Salaam kwa Rufiji ni kama Ulaya kwa Dar es Salaam, nami nilikuwa nimekaa upande wenye jokofu. Nilijitetea kwa wiki nzima kichwani mwangu, kwamba hakusoma chuo, kwamba hajui kuandika Kiingereza, kwamba majarida yana masharti yao, na kila nilichojitetea nacho kilikuwa kimekwisha kusemwa juu yangu. Nilikwenda kijijini kumwomba radhi. Alinipokea vizuri kuliko nilivyostahili. Makala ya pili tuliiandaa tofauti: tulikaa naye siku mbili, nikamsomea rasimu kwa Kiswahili aya kwa aya, naye akasahihisha mambo mawili ambayo sisi wote tuliosoma tulikuwa tumeyakosea, moja likiwa ni mwezi ambao familia za upande wa magharibi wa kijiji huhamia mashambani. Jina lake ni la tatu katika makala hiyo, na vigezo vya uandishi vimetimizwa vyote bila kupindishwa, kwa sababu safari hii alipewa nafasi ya kuvitimiza.

Mwezi Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na Afrika Kusini jaribio la chanjo ya UKIMWI lililokuwa likiongozwa na wanasayansi wa Afrika wenyewe lilikatizwa likiwa ndiyo kwanza linataka kuanza. Kwetu wimbi lilifika kwa njia ya barua fupi. Wataalamu wawili wa kutambua aina za mbu, ambao mishahara yao ilipitia mkataba mdogo wa taasisi ya nje, waliambiwa wasije kazini. Mbu walikuwa katika vikasha, wamepangwa kwa tarehe, na hawakuwa na mtu wa kuwatambua. Nilihuzunika, na nilikasirika pia, lakini si hasira yangu yote iliyokwenda Washington. Nchi za Umoja wa Afrika zilikubaliana miaka mingi iliyopita kutenga asilimia 1 ya pato la taifa kwa ajili ya utafiti, na nyingi hazijafika huko. Tulijenga maabara zetu juu ya sakafu ya nyumba ya mtu mwingine, na mwenye nyumba ana haki ya kufunga mlango wake.

Mmoja wa wataalamu wale wawili tumemrudisha kwa fedha za ndani, kwa nusu ya mshahara, siku tatu kwa wiki. Chuo kile cha Ulaya kimekubali, baada ya barua nyingi na mkataba mpya, kuirejesha sehemu ya mirija ya mwaka 2006 hadi 2008, na mwanafunzi wetu wa uzamili ataipima hapa Dar es Salaam kwa mashine ambayo sasa tunayo. Jokofu lake liko kwenye chumba chenye betri na jenereta, na zamu ya kulala ofisini imerudi. Andiko la awamu ya pili ya kazi ya madungu lipo mezani kwangu ninapoandika haya. Katika ukurasa wa kwanza, sehemu ya chimbuko la swali la utafiti, tumeandika kwamba liliulizwa na mama mmoja katika mkutano wa kijiji mwaka 2008. Mtoto aliyekuwa mgongoni mwake siku ile amemaliza kidato cha nne, na msimu huu ndiye aliyelinda mpunga.